Badu Lazima Aruke Kama Kwenye Bango

Risasi haimrushi mtu. Naanza na hapo kwa sababu hayo maneno nimeyasema mpaka koo likakauka, na hakuna aliyeyasikia. Mtu akipigwa risasi anaanguka palepale alipo, basi. Hapai kinyumenyume akatoka dirishani na kutua uwanjani miguu juu. Risasi ingekuwa na nguvu za kumrusha aliyepigwa, na mpigaji naye angerushwa upande wake, maana bunduki inavyosukuma mbele ndivyo inavyosukuma nyuma. Sijabuni mimi. Tulifundishwa darasani, na Badu alikuwa amekaa dawati moja na mimi, ananakili majibu yangu.

Tumemaliza shule wote, matokeo bado hayajatoka, na kukaa bure nyumbani Tafo kunachosha kuliko mtihani. Kwa hiyo Wofa Gyamfi aliposema tukamsaidie kwenye filamu yake mpya, tulikwenda. Wofa ni mjomba wangu, tumbo moja na mama, na kwetu mjomba akishasema hata baba mzazi anatafuta kazi nyingine ya kufanya. Mimi nikapewa kubeba nyaya. Badu akapewa kufa.

Sasa ujue jinsi filamu zinavyotengenezwa hapa Kumasi. Bango linachorwa kwanza. Filamu inafuata. Mwenye banda la video anataka kitu cha kutundika mlangoni mapema, watu waanze kuulizana, kwa hiyo mchoraji anaambiwa jina la filamu na nani anacheza, mengine anajaza mwenyewe kutoka kichwani. Kichwa cha mchoraji wetu, Mzee Boadi wa Asafo, hakijui kupumzika. Kwenye filamu iliyopita alichora nyoka mwenye vichwa viwili anakunywa petroli. Kwenye filamu yenyewe hapakuwa na nyoka, hata mmoja wa kawaida. Watu walikaa wakamsubiri yule nyoka mpaka mwisho, kisha wakamfungia Wofa ndani ya banda wakimdai. Alitokea kwenye tundu la choo.

Mtu mwingine angemwambia Mzee Boadi apunguze. Wofa akaapa kwamba kuanzia siku hiyo, kilichopo kwenye bango lazima kiwepo kwenye filamu.

Na kwenye bango la safari hii kuna Serwaa, ndiye mchezaji mkuu, ameshika kwa mkono mmoja bunduki ndefu kama mlingoti. Mbele yake Badu anapaa kutoka dirisha la ghorofani, mgongo umetangulia, shati linawaka moto. Na ni Badu kweli, mpaka kovu la kwenye nyusi. Alikuwa hajawahi kuchorwa popote. Kila asubuhi alikuwa anapita Asafo kujitazama. Akampeleka na mama yake, anayeuza kenkey, ugali mchachu wa mahindi unaofungwa kwenye maganda, pale kona, na yule mama tangu siku hiyo hakufungii kenkey yako kabla hajakusimulia bango.

Tukaenda kupiga picha kwenye ghorofa moja lisilokwisha kule Kwadaso. Nilipouona mtambo wa kumrushia Badu, nikausogelea kuukagua. Fundi cherehani alikuwa ameshona mkanda kutoka kwenye mikanda ya magari mabovu. Badu anaufunga kiunoni ndani ya shati. Nyuma yake kuna kamba, inapita dirishani, inazunguka bomba la chuma, inashuka mpaka kwenye pikapu iliyosimama chini. Serwaa akifyatua, dereva anakanyaga mafuta kwa nguvu zote, Badu anavutwa kinyumenyume nje ya dirisha na kuangukia magodoro na maboksi.

Fikiria mwenyewe. Mtu amesimama, hana mwendo wowote. Pikapu inaondoka kwa kishindo. Kiuno kinakwenda, kichwa kinabaki palepale kilipokuwa, na shingo ndiyo inayotakiwa kuvipatanisha. Na dirisha lenyewe lilikuwa fupi. Ukimvuta mtu hapo lazima kisogo kikutane na zege la juu.

Nikamfuata Wofa, nikajikunyata kwa adabu zote, nikamweleza. Alinisikiliza huku anatafuna kijiti.

“Antwi, filamu za mapigano umeona ngapi?”

“Nyingi, Wofa.”

“Wanaopigwa risasi wanafanyaje?”

“Wanaruka, lakini…”

“Wanaruka. Dunia nzima wanaruka. Sasa wa Kwadaso ndiye akatae?”

Nikamwambia kama ni lazima Badu aruke, basi angalau Serwaa naye asukumwe nyuma kidogo, tusiiaibishe fizikia moja kwa moja. Serwaa alikuwa anapakwa poda pembeni. Akasema yeye ana viatu virefu na harudi nyuma kwa ajili ya mtu aliyefeli mtihani. Nikasema matokeo hayajatoka. Akasema ndiyo hivyo, yanaona aibu. Wote wakacheka, na Badu akacheka kuliko wote.

Ile bunduki nayo ilikuwa ya mbao na bomba la maji, moto wake unakuja kuongezwa kwenye kompyuta. Asubuhi hiyo Serwaa alishaua genge zima bila kuweka risasi mpya. Niliuliza atajaza saa ngapi. Wofa akaniuliza nani ametoka nyumbani kwake kwenda kumtazama mwanamke anapakia risasi. Hilo niliachana nalo, bunduki ya mbao haimvunji mtu shingo.

Nikamvuta Badu nyuma ya rundo la matofali.

“Kataa,” nikamwambia. “Wakikutaka uanguke, anguka. Kuvutwa na gari, kataa.”

“Wewe unajua watu wangapi wanataka kusimama hapa nilipo?” Alikuwa anajikaza ule mkanda, na hata hakuniangalia. “Uso wangu uko Asafo, ndugu yangu. Nikikataa saa hii, jioni Mzee Boadi anabandika wa mwingine.”

“Na shingo yako?”

“Shingo ni yangu. Umeniazima wewe?”

Sasa mtu kama huyo unamsaidiaje? Unataka kumwokoa, yeye anakuona mchawi. Nilikuwa na hasira, ningemfunga yeye kamba ya kawaida nikamrudisha kwa mama yake.

Nikarudi kwa Wofa nikapiga magoti. Kweli, nilipiga magoti kwenye saruji, na watu wazima wananiangalia. Nikaomba kitu kimoja tu, wajaribu kwanza na gunia la mchanga lenye uzito wa Badu. Wofa akaangalia jua, akaangalia pikapu ya kuazima, akakataa. Nikasema kama hawajaribu, nitampigia simu dada yake, yaani mama yangu, aje mwenyewe kuona mwanawe na rafiki wa mwanawe wanafanywa nini. Hapo akatema kile kijiti. Akasema haya, mara moja tu, na mpiga picha awashe kamera apime mwanga, tusipoteze jua bure.

Tukajaza gunia. Badu akavuliwa shati akalivisha gunia kwa kinyongo, kama mtu anayemvisha mwenzake nguo ya harusi yake. Tukalisimamisha dirishani, tukafunga mkanda katikati. Serwaa akanyanyua bunduki na kufanya “pah” kwa mdomo. Dereva akaondoka.

Gunia halikuruka. Upande wake wa juu uligonga zege ukafumuka, mkanda ukalikata katikati, na mchanga ukamwagika pande zote mbili za ukuta. Kilichotoka dirishani ni mkanda peke yake na vipande vya shati.

Serwaa alikaa chini kwenye ngazi na poda yake yote. Mimi nilikuwa namtazama Badu, na Badu alikuwa anatazama pale kwenye zege, mahali palipobaki alama ya mchanga, usawa wa kichwa chake. Akajishika kisogo. Nikajua sasa amenielewa, na wote wamenielewa.

Wofa akamgeukia mpiga picha. “Umechukua?”

Alikuwa amechukua. Wakajikusanya kwenye kile kioo kidogo cha kamera, wakaangalia, wakarudia. Serwaa anafyatua, mwanamume mwenye shati anapasuka na kuwa mchanga. Wofa akashika kichwa kwa mikono miwili. Akasema hizo siyo risasi za kawaida, hizo zimeombewa na mganga, anayepigwa anarudi kuwa udongo. Filamu zetu hazina karatasi za hadithi, mwongozaji akisema imebadilika, imebadilika. Palepale akapiga simu Asafo. Mzee Boadi amtoe mtu anayeruka, aweke mchanga unaolipuka, na macho mawili ndani yake.

Mambo ya zege, shingo na mwendo, hakuna aliyeyataja. Nilitaka kupiga kelele. Nilikuwa nimewaonyesha jinsi mtu anavyokufa na wao wakaniambia asante kwa wazo zuri.

Badu akashuka, akaufungua ule mkanda kwenye kamba, akarudi kuniwekea mkononi.

“Umefurahi sasa?”

“Uko hai,” nikamwambia.

“Hata asubuhi nilikuwa hai.”

Akaondoka bila shati.

Siku ya kuonyesha filamu nilikwenda peke yangu. Banda lilijaa mpaka madirishani. Ilipofika sehemu ya mchanga watu walisimama juu ya mabenchi. Mbele yangu kulikuwa na vijana wawili, na mmoja akamwambia mwenzake kwamba hapa Gyamfi amewadanganya, mtu hawezi kugeuka mchanga. Nikainama kusikiliza, moyo ukanipoa kidogo, nikaona kumbe wapo wenye akili. Akaendelea: “Risasi inamrusha mtu. Inamtoa dirishani kabisa. Haimgeuzi mchanga.” Nikatoka nje.

Kwa Badu nilikuwa nikipita kila siku, haonekani. Leo asubuhi mama yake, huku ananifungia kenkey na pilipili, ndipo akaniambia mwanawe yuko Konongo, amepata filamu nyingine, na bango limeshachorwa, yuko juu ya pikipiki anavuka lori la magogo hewani. Alikuwa anasimulia kwa furaha. Nilishindwa hata kupokea chenji.

Nikampigia. Akapokea kwa sauti ya mtu mwenye shughuli.

Nikamuuliza ubao wa kuondokea una mwinamo gani. Akasema ni ubao, una mwinamo wa ubao. Nikamuuliza pikipiki itakuwa na mwendo gani, lori lina urefu gani, upande wa pili kuna nini cha kumpokea. Akasema mchoraji wao ameshayapanga, mwongozaji anamwamini.

“Badu, usipande mpaka nifike.”

“Uje kufanya nini, umwage mchanga tena?”

“Nije nipime.”

Nyuma yake nikasikia mtu anajaribu kuwasha pikipiki, inakataa, anajaribu tena.

“Njoo,” akasema mwishowe, na sauti imeshuka. “Ila jua likikaa vizuri hawatakusubiri, Antwi. Nisikudanganye.”

Pikipiki ikawaka, na simu ikakatika.

Nimeacha kenkey mezani. Nimempigia tena njia nzima kuelekea kituo cha magari ya Konongo, inaita tu.