Suti za Mbele Tu

Papa Théodore, fundi cherehani wa Rosettenville, aliringa kama jogoo, na kusema kweli alistahili. Wakongo wa Johannesburg walijua: ukitaka kuzikwa ukiwa nadhifu, suti yako ishonwe na Théodore. Kola imesimama wima, watu wanalia kidogo, wanasifia sana.

Ila mgongoni hakukuwa na kitu. Kitambaa kilipopanda bei alianza kushona upande wa mbele tu, watu wa mochwari wakauchomeka ubavuni. Familia ililipia suti nzima.

"Huo ni wizi, Papa," mkewe Victorine alimwambia.

"Nani anamgeuza maiti kanisani? Watu wanaangalia kola, Mama. Kola ndiyo Théodore!"

Adhuhuri moja ya Julai, baridi ya kukata masikio, akaingia mteja mrefu. Akateleza na ukuta kama mjusi hadi kwenye benchi, akakaa, mgongo umegandamana na plasta. Théodore aliitambua kola kabla ya uso. Mzee Marcellin, aliyekuwa mlinzi. Alizikwa Mei. Théodore mwenyewe alienda msibani, akala vizuri tu.

"Habari za kazi, fundi."

Mdomo wa Théodore ulifuka mvuke kama birika. Wa mzee haukutoa hata kidogo.

"Nz... nzuri, mzee."

"Suti nzuri, wenzangu wanaisifia. Ila nyuma baridi inaingia. Nashinda ukutani."

"Tutarekebisha wiki ijayo..."

"Na wao?"

Ng'ambo ya barabara, kwenye ukuta, walisimama watu wameegemea, kimya, kola zote wima.

Parfait, kinyozi wa jirani, akachungulia mlangoni. "Eish, Papa Théo! Wale pale wamependeza, jo! Fundi wao nani?"

Maisha yake yote Théodore alikuwa akilisubiri swali hilo.

"Siwajui," akasema.

Ng'ambo, vichwa vyote vikamgeukia. Mzee Marcellin akaanza kunyanyuka. "Basi acha nigeuke, kijana aone."

"Kaa, mzee! Kaa!" Akamgeukia kinyozi. "Parfait, ni mimi. Nimewashonea mbele tu. Nimewaibia migongo."

Parfait akacheka, akidhani utani. "Sharp, Papa, poa!" Akaenda zake.

Théodore akaivuta sufu ya suti ya harusi ya mchungaji, kitambaa ghali kuliko vyote dukani, akaitandaza mezani.

"Geuka nikupime, mzee."

Mzee akageuka. Théodore alijiandaa kuona ngozi, hata mifupa. Aliona giza tu, na upepo ukimpiga usoni. Akafumba macho, akashika utepe wa kupimia begani mwa mzee, akauachia ushuke.

Ukashuka. Ukazidi kushuka, unamtoka vidoleni, na wala haukufika chini.