Dakika Ishirini kwa Kila Ngoma

Mholanzi aliyekuja Shinyanga mwezi wa Februari 1975 kuchimba visima vifupi aliitwa Gerrit. Kufikia Machi alikuwa Geliti, na yeye mwenyewe alikwisha kuzoea kuitika hivyo. Msimamizi wa wachimbaji wake, Athanas, hakuwa mwepesi wa kupendezwa na wageni. Alikwisha kufanya kazi chini ya wataalamu watatu kabla ya huyu, na wote walijua maji yalipo kabla ya kushika jembe. Geliti hakujua. Alipima, akaandika, akawauliza wazee ni wapi mchwa hupenda kujenga vichuguu, akaliandika na hilo. Mtu wa namna hii, Athanas alijiambia, anafaa kutembezwa.

Ndipo zilipoanza Jumamosi zao. Landrova ya mradi haikuruhusiwa kutoka siku za mapumziko, kwa hiyo walikwenda kwa baiskeli. Walikwenda mnadani, Geliti akajifunza majina ya ng'ombe kwa rangi zao. Alipofika la kumi na moja akalalamika kwamba rangi ya tatu na ya kumi na moja ni moja. Hazikuwa moja. Walikunywa chai kavu, isiyo na sukari, kwenye hoteli ya stendi, maana sukari mwaka ule ilikuwa ya kupangiwa foleni. Na mara mbili kwa mwezi walitoka mjini, Athanas akafunga chumba chake cha kupanga mtaa wa Kambarage, wakaendesha kwa saa mbili hadi kijijini kwake, kwa mkewe Paskalina, ambaye wote walimwita Mama Melania kwa jina la binti yake wa kwanza.

Paskalina alimlisha mgeni bila kumbembeleza. Siku ya kwanza alimwekea ugali wa mtama na mlenda, Geliti akaomba kijiko. Mlenda ukapanda na kijiko, ukashuka nacho, ukabaki ukining'inia kati ya bakuli na kidevu. Paskalina akamwambia kwamba mlenda hufuata tonge, haufuati chuma. Geliti akanawa mikono, akajifunza. Katika daftari lake la visima, kurasa za nyuma, aliandika kwamba michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa vibichi, na matobolwa ni vilevile ila vimechemshwa kwanza. Athanas alisoma, akaona hakuna kosa, akamrudishia.

Mwezi wa Julai pamba ilikwisha kuuzwa, maghala yana mtama, na watu wakaanza kucheza. Ngoma za Wasukuma zina pande mbili, Bagika na Bagalu, na kila mchezaji ana upande wake kama alivyo na ukoo wake. Zikishindana, zinachezwa uwanja mmoja kwa wakati mmoja, huku moja na huku nyingine, hatua mia kati yake. Hakuna mwamuzi mwenye filimbi. Watazamaji huenda wanakopenda, na jua likizama wazee hutazama upande upi una watu wengi. Miguu ndiyo kura.

Athanas alikuwa manju wa Bagalu kijijini pale, yaani mtunzi wa nyimbo na kiongozi wa wachezaji. Cheo hicho alikirithi kwa mjomba wake, marehemu Ignas, na tangu akirithi alikuwa ameshindwa miaka miwili mfululizo na manju wa Bagika, Bartholomeo, mtu mwenye sauti nzuri na mdomo mbaya. Mzee Telesphori, mtunza ngoma wa Bagalu, alikwisha kumweleza bila hasira kwamba ngoma si ng'ombe wa mahari ikakaa zizini kwa mtu mmoja. Mwaka wa tatu akishindwa, watampa mwingine.

Mashindano yalikuwa ya siku mbili, Jumamosi ya kuonana na Jumapili ya kuamua. Geliti alifika Jumamosi saa nane, shati limepigwa pasi, akapewa kigoda upande wa Bagalu. Athanas alianza vizuri. Alikuwa ameutunga wimbo wa pamba na kuufanyia mazoezi miezi miwili, na kwa makadirio yake theluthi mbili za watu walikuwa kwake. Mara akamwona Geliti anatazama saa, anainuka, anawaaga waliokuwa karibu naye mmoja mmoja kwa heshima, anavuka uwanja kwenda kwa Bartholomeo.

Kijijini hapo hapakuwahi kuonekana mzungu kwenye ngoma. Padri mmoja alipita zamani, lakini huyo alikuja kukataza. Kwa hiyo watu walitaka kuona jinsi mzungu anavyotazama: kama anatikisa kichwa, kama anacheka pale pa kuchekwa. Watoto walimfuata, mama zao wakafuata watoto, na wanaume wakafuata wakijifanya wanakwenda kutafuta kivuli. Baada ya muda Geliti alirudi, na nusu yao wakarudi naye. Nusu nyingine walibaki, maana Bartholomeo alikwisha kutoa wachezaji wake wawili wanaocheza juu ya miguu mirefu ya miti. Geliti akatazama saa, akavuka tena. Jua lilipozama lilimkuta kwa Bagika, katikati ya umati, akiandika.

Wakati wa chakula mgeni alikuwa na furaha. Alieleza kwamba hakutaka kumwonea mtu, hivyo alitoa muda sawasawa kwa kila upande, kwa saa. Athanas alimega tonge, akalizungusha kiganjani muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akasema ni vizuri. Mgeni hakosolewi na chakula kikiwa mbele yake.

Geliti alipokwenda kuoga, Mzee Telesphori aliingia uani. Athanas alimwamkia, mzee akaitikia na kukaa. Hakuja kulaumu, alikuja na shauri. Kesho mzungu awekwe kando ya ngoma kubwa ya Bagalu, apewe chakula na kinywaji palepale, asiinuke.

"Bartholomeo ana dawa yake ya kuvuta watu, anaifukia uwanjani," mzee alisema. "Sisi ya kwetu inakula ugali. Tuitumie."

Athanas alijua shauri hilo lingefanya kazi. Alijua pia kwamba alilitaka. Lakini alikuwa mtu wa visima, na aliwahi kuona jambo likifanyika siku ya ukaguzi mahali fulani: kisima kikavu kinajazwa kwa ndoo, na wakaguzi wanachota, wanafurahi, wanaondoka. Aliyekijaza ndiye pekee aliyejua, na ndiye aliyebaki hapo. Akamjibu mzee kwamba mgeni hatakaa kando ya ngoma yoyote. Mzee akasema basi kila la heri, kwa sauti ya mtu anayefikiria manju mwingine.

Mkewe alikuwa amesikia yote. Athanas alimwambia atamwomba Geliti arudi mjini asubuhi, kwa kisingizio chochote.

"Mgeni harudishwi siku ya sherehe, Baba Melania," Paskalina alisema. "Niachie mimi. Nina magunia mawili ya karanga."

Jumapili, baada ya misa, Athanas alikuwa nje ya jiko akijifunga njuga miguuni, akamsikia mkewe akimweleza Mholanzi, polepole, kwa Kiswahili kisichozungushwa.

"Hapa ngoma haitazamwi kwa zamu, baba. Uliposimama ndipo ulipochagua. Na wewe uliposimama, watu hawatazami ngoma, wanakutazama wewe."

Geliti akauliza ni watu wangapi walivuka pamoja naye. Paskalina akamwambia hakuwahesabu, akampa ungo wa karanga abangue.

Ngoma ilianza. Athanas akaimba pamba yake, watu wakaja, kisha wakaanza kupungua. Miguu ya miti ilikuwa inatoka tena kule. Kufikia saa kumi na moja aliona migongo mingi kuliko nyuso. Wimbo ulikuwa mzuri na ulikuwa umemaliza kazi yake. Jana walikwisha kuusikia. Akainua mkono, ngoma zikanyamaza. Akasimama hapo na njuga zake, hana wimbo, na jambo pekee lililokuwa kichwani mwake lilikuwa lile lililomnyima usingizi.

Akaliimba. Kwa Kisukuma, kwa mwendo wa taratibu, aliimba juu ya Geliti mwenye saa, anayegawa macho yake kama duka la ushirika linavyogawa sukari: dakika kumi na tano kwa Bagika, dakika kumi na tano kwa Bagalu, nusu kilo huku, nusu kilo kule, na yeye mwenyewe anakwenda kulala na chai kavu. Waitikiaji walishika mara ya pili. Mwanamke mmoja kule kwa Bartholomeo alicheka hadi akamshika jirani yake bega, akavuka. Wakavuka wengine. Athanas aliendelea kuimba, na kila alipolitaja jina alihisi aibu, kwa sababu mwenye jina alikuwa jikoni, hatua arobaini kutoka hapo, mgeni aliyekula chumvi ya nyumba yake.

Yaliyotokea jikoni aliyasimulia Paskalina baadaye. Geliti hakujua Kisukuma, lakini jina lake alilijua, na alilisikia likiitikiwa na watu mia tatu. Mara ya tatu aliinuka. Paskalina alimwekea ungo wa pili mapajani kabla hajanyooka.

"Kaa. Ukitoka sasa, ushindi si wa Baba Melania."

Alikaa. Akaendelea kubangua.

Jua lilipozama wazee hawakuhitaji kutazama mara mbili. Mzee Telesphori alimpa Athanas mkono, akaenda kuifunika ngoma kwa ngozi yake, kama anavyofunikwa mtoto. Bartholomeo alikuja amelowa jasho, akatabasamu.

"Mtani, miaka yote ulifukia mizizi ukashindwa. Mwaka huu umemficha Mholanzi jikoni. Dawa ni dawa."

"Nenda ukamwone," Athanas alisema. "Amechoka kuliko wachezaji wako."

Kweli alikuwa amechoka. Debe lilijaa karanga, na vidole gumba vyake vilikuwa vyekundu. Athanas alikaa kwenye gogo mbele yake na njuga zake bado miguuni. Angeweza kumwambia wimbo ulikuwa wa kumsifu. Badala yake alimfasiria mstari kwa mstari, hadi kwenye chai kavu, asipunguze kitu. Geliti alisikiliza kama anavyosikiliza taarifa ya kina cha maji.

"Umeimba dakika kumi na tano," alisema mwishoni.

"Ndiyo."

"Zilikuwa ishirini."

Athanas aliuliza kama hilo ndilo tu. Geliti alifikiri kwa haki, akasema habari ya chai ilikuwa sahihi.

Wiki mbili baadaye Bagalu walialikwa Kagongwa, karibu na reli, ambako wazungu wamekwisha kuonekana wa kutosha na hakuna anayegeuka. Athanas aliimba wimbo uleule, safari hii akitaja dakika ishirini, ingawa neno hilo liliharibu mapigo kidogo na waitikiaji walinung'unika. Huko walikutana na manju hodari kupita Bartholomeo, na kufikia saa kumi na moja upande wa Bagalu walibaki wachezaji, jamaa zao, na mtu mmoja kwenye kigoda, saa yake ikiwa mfukoni. Walishindwa vibaya. Geliti hakuinuka.