Usiku wa Mimuna Aliokuja Messod

Nyota zilipoonekana juu ya Montreal, Pasaka yetu Wayahudi ikawa imekwisha. Nikapeleka bakuli kwa jirani yetu Mwitalia aniazime unga, maana siku zote za sikukuu unga ni mwiko kwetu, na nyumba yangu haikuwa na hata vumbi lake. Ulikuwa usiku wa Mimuna. Sisi tuliotoka Moroko huuacha mlango wazi usiku huo, na yeyote anayeingia hulishwa mufleta, chapati laini za siagi na asali.

Mwaka huu nilitamani kuufunga kwa komeo, kwa ajili ya mtu mmoja.

Messod ni mdogo wangu, tumbo moja. Mwaka jana, nilipolazwa kwa upasuaji wa nyonga, alimhamishia mama kwenye nyumba ya wazee bila kuniambia. Nilipotoka hospitali, mama alikuwa keshazikwa. Hilo pekee lingetosha. Lakini kwenye matanga aliwaambia watu kwamba mimi ndiye niliyetaka ahamishwe, eti nilichoka kumlea. Tangu hapo wanawake wa sinagogi huniamkia huku wameangalia viatu vyangu.

Sebule ilikuwa imejaa alipoingia na sinia la vitamu vya lozi, anatabasamu kama bwana harusi.

"Heri ya sikukuu, dada."

"Dada yako nani? Toka!"

Vicheko vikakatika. Mama mdogo Yamna akanishika mkono. "Simi, mwanangu, leo hafukuzwi mtu."

"Basi akae, lakini hali!"

"Dada, tuongee pembeni," Messod akanong'ona.

"Pembeni? Uliponipaka matope ulinipaka pembeni? Si mbele ya hawa hawa? Unataka kula kwangu, sema kweli kwanza. Kwa sauti!"

Akaweka sinia chini. Akawageukia watu.

"Simi hakujua," akasema. "Mama alikuwa ananiita kwa jina la baba. Alikuwa anatoka nje pekupeku kwenye theluji. Nikashindwa. Nikaogopa Simi atanila mzima mzima, nikamficha. Mama alipofariki nikaogopa zaidi, nikadanganya. Hakujua lolote."

Perla, aliyeutembeza ule uongo mtaa mzima, akaanza kulia. Sikumhurumia. Wala Messod sikumhurumia. Mwaka mzima nimebeba aibu isiyo yangu, na kumbe maneno machache tu yangenitua mzigo huo!

Lakini unga niliokwisha kuukanda ulikuwa unakauka. Mufleta zinataka watu wawili, mmoja anyooshe, mwingine azipange moja juu ya nyingine kwenye kikaango na kuligeuza rundo. Mama alitufundisha pamoja.

"Nawa mikono," nikamwambia. "Nyoosha."

Ya kwanza akaichana.

"Mafuta, wewe! Paka mafuta kwanza! Hata hilo umesahau?"

"Sijafanya tangu..."

"Nyamaza, nyoosha!"

Alinyoosha huku machozi yanamdondoka kidevuni. Mimi nilikaanga kwa hasira, nikiligeuza rundo kwa nguvu hadi siagi ikaruka ukutani. Watu wakarudi kula, mwanzoni kwa woga, kisha kwa kelele zao za kawaida.

Alipoaga alininyooshea mkono. Sikuupokea.

"Bado nina hasira nawe."

"Najua."

"Nyingi."

"Najua, dada."

"Ijumaa uje mapema. Kuna samaki wa kusafisha, na sijamaliza kukugombeza."

Ijumaa alikuja. Nilimgombeza hadi mishumaa ya Sabato ilipowashwa, kisha tukakaa kula.