Udongo wa Beseni Moja

Wacha niseme mwenyewe kabla Nthambi hajakusimulia kwa njia yake: udongo wa yule kijana niliuchanganya mimi, kwa mikono hii, na akili zangu zikiwa timamu. Nthambi ni jirani yangu wa ng'ambo ya korongo. Yeye husema niliuchanganya kwa sababu mimi ni mshamba. Mshamba ni yeye.

Ilikuwa Oktoba, mwaka wa elfu mbili na nne, hapa kwetu Mwala, jua kali mpaka mbuzi wanagombania kivuli cha choo. Mume wangu Ndunda alikuwa amekufa miaka sita nyuma. Mtoto niko naye mmoja tu, Mutindi, anafanya kazi kiwandani Athi River. Mutindi haji. Nikimtumia salamu kwamba mgongo unauma, analeta dawa ya kuchua kwa mkono wa mtu. Nikisema macho yananisumbua, anatuma nauli niende hospitali. Sijawahi kumwambia kitu kingine, maana mtu mzima atamwambiaje mtoto wake njoo tu bila sababu? Niko na chupa nne za dawa ya kuchua, na mgongo wangu haujauma hata siku moja.

Ndipo akaja Wambua. Alikuwa mwanafunzi wa chuo, mtu wa Kangundo, mrefu, mashavu yameingia ndani kama nyumbani kwao hawapiki. Alisema wanapima udongo wa mashamba matatu huku kwetu, langu likiwa la kwanza. Hawapimi kama zamani. Wanataka kujua kila kipande kiko namna gani peke yake, halafu wachore ramani ya rangi, ili mtu ajue samadi yake kidogo aipeleke wapi kwanza na wapi asiipoteze bure.

"Kwani udongo si udongo?" nikamchokoza, ingawa nilijua sivyo.

"Mwaitu," akasema, akiniita mama kwa Kikamba kama niliyemzaa, "shamba moja linaweza kuwa mashamba kumi."

Nikamtilia chai papo hapo.

Alivuta kamba, na kila mita ishirini akachomeka kijiti chenye namba. Vijiti thelathini na sita kwa ekari tatu na nusu. Penye kila kijiti anainua kidude chake cha setilaiti, anaandika, kisha anazungusha chuma ardhini kama seremala anayetoboa ubao. Udongo unaotoka anautia kwenye mfuko wake na namba yake. Kazi ya siku nne, na siku zote nne nilimfuata nyuma na birika.

Lakini si chuma kilichonifurahisha. Ni maswali. Kila kijiti aliuliza, "Mwaitu, hapa palikuwa nini?" Kijiti cha saba udongo ulitoka mweusi, akashangaa. Nikamwambia hapo palikuwa boma la mbuzi la mama mkwe wangu, kabla mimi sijaolewa. Hata leo mahindi ya hapo yanabeba mabunzi mawili mawili. Kijiti cha ishirini na mbili alitoa changarawe tupu. Nikamwambia huo mtaro tuliuchimba mimi na Ndunda mwaka wa njaa, themanini na nne, nikiwa na mimba ya Mutindi, na udongo wote mzuri tukautupa juu kutengeneza tuta. Aliandika. Niliendelea kusema, na aliendelea kuandika, hata mambo yasiyohusu udongo. Miaka sita hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza kitu na akangoja jibu. Haki ya Mungu, nilikuwa na furaha mpaka nikaona aibu.

Jumatano jioni kazi ikaisha. Akapanga mifuko barazani kwangu, midomo wazi, udongo ukauke kivulini.

"Jumamosi gari la chuo litanileta niichukue," akasema. "Hapo nitakuwa nimemaliza na wewe."

Nimemaliza na wewe! Hakuwa na ubaya, lakini maneno hayo yalinichoma.

Alhamisi nilipika chai, nikajikuta nimemimina vikombe viwili. Nikavinywa vyote kwa hasira. Ijumaa asubuhi nikakaa barazani mbele ya ile mifuko thelathini na sita, nikaitazama sana. Sasa elewa jambo moja. Miaka ya tisini afisa wa kilimo alitufundisha sisi akina mama wa kikundi kupima udongo: unazunguka shamba, unachota hapa na pale, unamwaga wote kwenye beseni, unachanganya kama unga wa chapati, unatoa nusu kilo moja, unapeleka. Kila mwanamke wa rika langu anajua hivyo. Nami nilijua kwamba Wambua hataki hivyo, alikuwa ameshanieleza. Ila nilijua pia kwamba nikisema nilidhani ni vile vya zamani, nani atakataa?

Nikaleta beseni la kufulia. Nikamwaga wa kwanza, nikamwaga wa pili. Ule mweusi wa mama mkwe niliushika kidogo mkononi, halafu nao nikaumwaga. Nilitaka arudie. Siku nne nyingine, hicho tu ndicho nilichotaka.

Jumamosi akashuka kwenye gari akicheka, na mkate mkononi, ameniletea. Akaona beseni. Kicheko kikaisha.

"Mwaitu, umefanya nini?"

"Nimekusaidia," nikasema, bila hata kupepesa. "Si ndivyo huchanganywa? Afisa wa kilimo alitufundisha."

Alichuchumaa karibu na beseni muda mrefu. Nilingoja anitukane, na kusema kweli ningependa anitukane. Badala yake akasema, "Kosa ni langu. Sikukueleza vizuri." Akaniwekea mkate mezani. Akachota mfuko mmoja kutoka kwenye beseni, akasema atamwomba mwalimu wake ruhusa ya kurudia, lakini lazima iwe kabla ya mvua, maana watu wakishamwaga samadi na kulima, vipimo vinaharibika.

"Basi Jumatatu?" nikauliza, na moyo unaruka kama wa msichana.

"Akikubali, Jumatatu."

Jumapili mchana, tukiwa kanisani, mvua ikanyesha. Watu walipiga vigelegele. Mimi peke yangu nilikaa nimenuna, na mchungaji akadhani nimepatwa na Roho.

Wambua hakuja Jumatatu. Alikuja Jumatano, lakini hakuja kwangu. Nilimwona ng'ambo ya korongo, kwenye shamba la Nthambi, anavuta kamba haraka haraka kabla Nthambi hajaanza kulima. Shamba langu lilikuwa limefutwa kwenye orodha, maana mvua haikuacha muda wa kurudia. Siku nne nilisimama kwenye tuta langu nikimtazama akizungusha chuma. Nthambi alikuwa nyuma yake anaongea, yule mwanamke haongei akamaliza, na Wambua anaandika! Nthambi anajua nini cha kuandikwa? Aliponipungia mkono nilijifanya napalilia, na hata mbegu zilikuwa hazijaota.

Mwezi wa pili mwaka uliofuata nikasikia hodi. Ni Wambua, na karatasi. Nthambi alikuwa amepewa ramani, nyekundu, njano na kijani, ameibandika sebuleni karibu na kalenda. Mimi nilipewa majibu ya ule mfuko mmoja. Namba moja ya chokaa, namba moja ya mbolea, namba moja ya kila kitu, kwa ekari tatu na nusu.

"Inasema shamba lako ni la wastani," akasema.

"La wastani wapi?"

"Kote, Mwaitu. Ukichanganya, ndivyo inavyosema."

Nikatazama nje. Boma la mama mkwe, mtaro wangu na Ndunda, vyote vimekuwa namba moja. Hapo ndipo nikashindwa kuendelea kuficha.

"Wambua, nilijua," nikasema. "Nilijua hutaki uchanganywe. Nilifanya kusudi, ili urudi."

Aliweka kikombe chake cha chai mezani. Kuku akaingia ndani, akatoka, na hakuna aliyemfukuza.

"Shamba lako ndilo nililokuwa na maandishi mengi kuliko yote," akasema mwishowe. "Mwalimu aliniuliza maandishi yote haya ni ya ramani gani." Kisha akasema, pole pole, bila hasira, "Mama, ungeniambia tu nije kunywa chai. Ningekuja."

Alisema Mama, kama anavyomwita mwanamke yeyote, hakusema Mwaitu. Alimaliza kikombe, akaaga vizuri. Hajarudi tena, na simlaumu.

Siku ya soko nilikwenda kwenye kibanda cha simu pale Mwala, nikampa mwenye kibanda namba ya Mutindi. Njia nzima nilikuwa nikitafuta ugonjwa. Mgongo na macho nilishatumia, sasa nilikuwa nimefika kwenye magoti. Simu ikaita, nikasikia sauti ya mtoto wangu na mashine za kiwanda nyuma yake.

"Mutindi, ni mimi. Siumwi. Sitaki dawa wala nauli."

"Mama?"

"Nataka uje nyumbani. Basi."

Nikamsikia akihema, na sauti yake imebadilika, imekuwa ndogo kama ya zamani akiwa mtoto.

"Mama, niambie ukweli," akasema. "Nani amekufa?"

Watu walikuwa wamepanga foleni nyuma yangu, wanasikia. Nikashika ile simu kwa mikono miwili.

"Hakuna mtu amekufa," nikamwambia. "Ni mimi tu. Niko hapa peke yangu."