Wapangaji wa Juu ya Mkungu

Nyumba ya Bi Zulekha ilikuwa imebaki peke yake pale Kariakoo, imebanwa na ghorofa mbili kama jino la mwisho kinywani. Uani kulikuwa na mti wa mkungu, na juu ya mkungu walining'inia popo, miguu juu vichwa chini, kama watu waliokataa katakata kusikiliza habari za mjini. Marehemu baba yake aliacha neno mbele ya wazee: mti ule usikatwe maadamu una wapangaji. "Mpangaji hafukuzwi," alisema. "Akihama mwenyewe, shauri yake."

Basi mdogo wake Bi Zulekha, Abdulmajid, alikaa na subira ya paka mlangoni mwa bucha. Alitaka popo wahame, mti uanguke, ua ujengwe fremu za maduka. Na mwaka huu popo walikuwa wanahama kweli. Matawi yaliyokuwa meusi kwa mabawa sasa yalionyesha mbingu.

"Joto hilo, dada," alisema Abdulmajid. "Mabadiliko ya tabianchi. Dunia nzima inalia, sembuse popo?"

Bi Zulekha hakuwa na ubishi na jua. Februari hata yeye lilimlaza sakafuni kama papa aliyeanikwa. Lakini alitaka hakika. Kama ni jua, angefunga mdomo amwachie mdogo wake ua. Kama si jua, shoka lisingeugusa mkungu ule yeye akiwa hai.

Ndipo akamwita Selina, binti wa jirani wa zamani, aliyekuwa chuo kikuu akisomea wanyamapori. Selina akaja, akatoa shikamoo yake, akafunga kipimajoto tawini, na kila Jumamosi jioni akawa anakaa kwenye kigoda kuwahesabu popo wakitoka.

"Upanga kuna mkungu mwingine wenye popo wa aina hii hii, bibi. Nao nitawahesabu. Jua letu moja, mvua yetu moja. Tuone kama na hasara yetu ni moja."

Aliyeicheka hesabu hiyo kuliko wote ni Josepha. Huyu alipanga chumba cha mbele miaka na miaka, akikodisha magauni ya harusi. Josepha Mngoni, Bi Zulekha Mzaramo: watani wa jadi, na utani wao uliwasimamisha wapita njia. Josepha akipita sokoni kwenye meza ya viungo ya Bi Zulekha, hakununua wala hakuomba. Alijichukulia, maana mali ya mtani ni halali ya mtani. Siku hizi alipenda pilipili kavu.

"Weye Mngoni, hao panya mnaokula kwenu wanaungwa kwa pilipili zote hizo?"

"Za panya ziko wapi! Nakwenda kuwafukizia wale popo wako, wahame, na wewe uwafuate!"

Meza zote za jirani zikaangua kicheko. Bi Zulekha, machozi ya kucheka yakimtoka, akamwongezea konzi nyingine. "Haya, wafukize vizuri, na wewe ubaki humo humo moshini tupumzike!"

Ndivyo utani ulivyo. Mtani akikwambia kamuua mama yako, unamuuliza kama kabakiza ubani.

Masika yalipokwisha, Selina alikuja akakaa mkekani. Hakugusa chai.

"Bibi, jua lina kesi yake, silitetei. Joto la Februari liliangusha vichanga hapa, na Upanga pia. Lakini mvua ilipoanza, wa Upanga walitulia, na sasa wanaongezeka. Wa kwako wamezidi kupungua, hata wiki zile za mawingu na baridi. Jua haliruki ua mmoja likachoma wa pili."

"Sasa ni nini?"

"Bado sijui. Ninachojua, popo akisumbuliwa mchana, amelala, huhama. Asubuhi ukienda sokoni, nani anabaki nyumbani?"

Bi Zulekha alifungua mdomo kujibu, jina likagoma kutoka. Alikuwa ameisikia tena ile sauti ya sokoni, safari hii bila kicheko.

Kesho yake aliondoka na kapu lake kama kawaida, akafika kona, akageuza. Uani jiko la mkaa liliwaka chini ya mkungu. Josepha, kajifunga khanga puani, alikuwa ananyunyiza pilipili juu ya makaa kama atiaye chumvi mchuzini. Juu, popo walilia kama vitoto.

"Mtani!" Josepha akacheka. Kicheko hakikupata mwenzake. "Si nilikwambia? Nilikwambia mbele ya watu!"

"Uliniambia."

"Na pilipili ukaniongezea!"

"Nikakuongezea."

Josepha akashusha khanga. "Magauni yangu nikiyaanika hapa uani yananyewa kila siku, Zulekha. Bibi harusi anasimama madhabahuni na kinyesi cha popo mgongoni! Abdulmajid kaniahidi fremu ya barabarani. Kasema wakihama wenyewe tu…"

"Wamehama wenyewe?"

Bi Zulekha akachukua ndoo ya maji, akalizima jiko.

Jioni Abdulmajid aliitwa, na Selina akamweleza yale ya Upanga. "Popo wachache bado wapo," Bi Zulekha akamalizia. "Na waliokwenda walifukuzwa. Neno la baba liko pale pale." Abdulmajid akamtazama Josepha amsaidie. Josepha alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Mti ukapona hivyo, bila shangwe ya mtu.

Asubuhi Josepha alifika sokoni, akanyakua mdalasini mezani kwa kishindo.

"Wazaramo nyie! Mtauza hata mlango mkacheze ngoma!"

Wenye meza wakageuka, vicheko tayari. Bi Zulekha akainuka, akauchukua ule mdalasini mkononi mwa Josepha, akaufunga vizuri kwenye karatasi, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Habari za asubuhi, dada Josepha."

Josepha akasogea karibu, sauti chini. "Nitukane, Zulekha. Nitukane hata mara moja."

Matusi Bi Zulekha alikuwa nayo, mazuri, yamepanga foleni ulimini. Akayameza moja moja.

"Mdalasini ni bei ile ile ya wateja wote, dada," akasema. "Karibu tena."