Dakika Nne za Mzee Korbinian

Mji wetu wa Hohenrott ni mdogo hivi kwamba mtu akipiga chafya langoni, aliye kanisani anamwombea afya. Hata hivyo kila siku kabla ya adhuhuri uwanja hujaa wageni na kamera zao, shingo juu kama bata wanaosikiliza mvua. Kuwatembeza ndiyo kazi yangu mimi Bibi Zenzi, mwaka wa kumi na tisa huu, na nikishawakusanya huwategea kitendawili.

"Watu saba wanaishi nyumba moja. Wanatoka mara moja kwa siku, hawanunui kitu, hawamsalimii mtu, wanarudi ndani. Ni akina nani hao?"

"Wakwe zangu!" akajibu bwana mmoja Jumamosi ile. Mkewe akamtia kiwiko cha mbavu.

Ni sanamu zetu za mbao: mwokaji, mhunzi, bibi harusi na wenzao. Mnara wetu hauna mishale ya saa. Una kengele na sanamu hizo saba, na vyote huendeshwa kwa mkono wa Mzee Korbinian, jirani yangu mwenye miaka sabini na minane. Hupanda vidato mia na kumi na viwili, huzungusha mpini wa chuma, kengele ikalia saa sita na sanamu zikatoka. Amefanya hivyo miaka arobaini na mmoja. Hata siku ya kumzika mkewe alipanda kwanza, akateremka, ndipo akaenda makaburini.

Mwaka huu magoti yakaanza kumgomea. Alichelewa mara mbili, mgeni mmoja akakosa treni, akaandika barua ya malalamiko ya kurasa tatu. Ndipo ofisi ya mji ikatangaza kwamba mkaguzi wake, Bi Gerlinde Pointner, atakuja na saa yake ya mkononi. Mzee akichelewa tena, atarudisha ufunguo wa mnara, na mota itawekwa izungushe mpini badala yake.

Asubuhi ya Jumamosi ile, siku ya ukaguzi, nilimwita kwenye ua.

"Mzee, leo anza kupanda saa tano na nusu, upumzike njiani."

"Nitaanza saa ileile ya siku zote. Nikianza mapema nitakuwa nimekiri kwamba nimezeeka."

"Kwani nani hajui?"

"Mnara haujui," akasema, akaendelea kupangusa viatu.

Basi ilipofika saa sita kasoro robo, Bi Gerlinde alikuwa ameketi nje ya mgahawa wa Xaver pale uwanjani, daftari mezani, saa mkononi, uso kama siku ya mtihani. Lakini mtu wa kwetu hawezi kukaa kwa Xaver Jumamosi asubuhi bila kuagiza soseji nyeupe, naye ni mtu wa kwetu. Akaagiza mbili, na haradali tamu.

Soseji hiyo ina sharti lake. Huliwa kabla ya adhuhuri tu; haitakiwi kusikia kengele ya saa sita. Kengele ikilia unaweka uma chini, hata kama umebakisha tonge, la sivyo utatajwa mezani kwa watu mpaka Pasaka.

Siku hiyo mgahawa ulifurika, na sahani ya Bi Gerlinde ilifika zikiwa zimebaki dakika tano. Akaanza kumenya ngozi polepole kwa kisu.

"Mama, unakula au unafungua barua ya serikali?" akamtania Xaver.

Nilitazama dirisha la mnara. Kimya. Saa yangu ikasema saa sita kamili. Kimya. Moyo wangu ukawa unapanda vidato pamoja na yule mzee. Nikawategea wageni kitendawili kingine, na kingine tena, mpaka yule bwana wa wakwe akaniuliza kama nalipwa nyongeza kwa kila kitendawili.

Nikamgeukia Bi Gerlinde. Alikuwa ameangalia saa yake. Halafu akaangalia soseji ya pili, ambayo ndiyo kwanza ameivua ngozi, inafuka moshi. Akatazama mnara. Akala. Alikula haraka, macho yameinama, na watu wa meza zote wakaacha kutafuna wakimtazama. Alipomeza tonge la mwisho, kengele ikalia. Bibi harusi akatoka, wageni wakashangilia.

Mzee Korbinian aliteremka ameshika ukuta, shati limelowa. Akaja moja kwa moja mezani kwa Bi Gerlinde, akauweka ufunguo kando ya sahani.

"Dakika nne," akasema. "Nimehesabu mwenyewe. Andika."

"Siandiki," akajibu Bi Gerlinde.

"Andika, mama. Sitaki huruma."

"Huruma gani? Nikiandika dakika nne, basi mimi Pointner nimekula soseji nyeupe baada ya saa sita, mbele ya Xaver na mji mzima!"

Watu wakaangua kicheko. Xaver alicheka hadi akaegemea pipa. Mzee peke yake hakucheka.

"Miaka arobaini na mmoja sijawadanganya watu kuhusu saa," akasema taratibu. "Sitaanza leo kwa ajili ya soseji. Nimechelewa kwa sababu kuanzia kidato cha sitini hakuna pa kushika wala pa kukaa. Nimeomba kamba mara tatu. Nimeandika barua kwenu. Njoo uone."

Bi Gerlinde akainuka. Akavua koti, akapanda. Tulimwona akipita kwenye dirisha la kwanza, kisha la pili, kisha hatukumwona kwa muda mrefu, mpaka Xaver akasema tumpelekee machela. Aliporudi viatu vilikuwa mkononi na nywele zimemganda usoni. Akanywa maji yangu bila kuomba.

"Wewe hupanda huko kila siku?"

"Hata Krismasi."

Akachukua kalamu. Nilichungulia, na sioni aibu kusema. Aliandika: dakika nne. Chini yake akaandika: kosa ni la ofisi. Kamba ya kushikia na viti viwili viwekwe kabla ya mwezi kwisha. Hakuandika lolote kuhusu mota.

Akausukuma ufunguo upande wa pili wa meza. Mzee hakuugusa mara moja.

"Mpaka kamba ifungwe," Bi Gerlinde akamwambia, "utaanza saa tano na nusu. Hilo ni agizo, Mzee wangu, si ushauri."

Mzee Korbinian alinitazama mimi kwanza, nikajifanya nahesabu wageni wangu. Ndipo akauchukua ufunguo.