Masomo ya Kujisomea

Dada yangu Lorna hakuwahi kumpeleka mwanawe shule. Annika alijifunzia herufi zake za kwanza sebuleni kwao, nje ya mji wetu mdogo katika jimbo la Minnesota, Marekani, na hapohapo akasoma mpaka akamaliza darasa la tano. Mama na mtoto walijikunja kwenye kochi moja, Lorna akisoma kwa sauti, Annika akimkatiza kila sentensi ya pili. Shemeji yangu Curtis, dereva wa lori la maziwa, alikuwa akirudi mchana anawakuta bado wamevaa nguo za kulalia, wanabishana kuhusu Warumi, na vyombo vya asubuhi havijaoshwa.

Wanaofundisha watoto nyumbani watakwambia darasa la sita ndipo pagumu. Hesabu zinaanza kuingiza herufi, sayansi inataka vifaa, na mtoto mwenyewe anaanza kununa. Ndiyo maana kila mwezi wa tano wazazi hujazana kwenye ukumbi wa kanisa, mitaala imepangwa mezani, wanapekua na kuulizana nani alitumia nini na mtoto wake alilia mara ngapi. Mwaka ule nilimpeleka Lorna mimi, maana hakuweza tena kuendesha gari. Saratani ilikuwa imerudi, safari hii kwenye ini. Tulioambiwa ni Curtis na mimi tu. Annika alijua dawa zinamchosha mama yake, basi.

Nilidhani tutakwenda moja kwa moja kwenye meza ya vitabu vya historia, vile vya kusomeana kwa sauti. Kweli alisimama pale. Alikifungua kimoja, akasoma ukurasa mzima midomo ikimchezacheza, kisha akakirudisha na kuhamia meza ya Rhoda, aliyekuwa akiuza masomo ya video pamoja na vitabu vyake. Rhoda alikuwa rafiki yake wa miaka mingi.

“Wewe na video?” Rhoda akamtania. “Si wewe uliyesema ni za mama wavivu?”

“Nimekuwa mvivu, Rhoda. Niambie, mtoto anaweza kuzifuata mwenyewe, bila mtu wa kumweleza?”

“Anaweza. Akikwama atamwita mama yake.”

“Tuseme mama hayupo.”

Rhoda akaanza kucheka, halafu akamtazama vizuri, akaacha. Bila kuuliza zaidi alitufungia darasa la sita, la saba na la nane, yote kwa pamoja. Hakuna anayenunua miaka mitatu kwa mkupuo, watoto hubadilika. Rhoda alijua hilo kuliko sisi sote, na hakulisema.

Njiani nilimuuliza Lorna kwa nini asimwache Curtis ampeleke mtoto shule ya mjini. Tulikuwa tukipita maghala ya nafaka aliponijibu.

“Siku nitakayoondoka kila kitu kitambadilikia,” alisema. “Angalau meza ya kusomea ibaki ileile.”

Tulipofika nilimshushia maboksi.

Annika ndiye aliyefungua maboksi, jikoni, akiwa amepiga magoti sakafuni. Alikuwa na miaka kumi na mmoja na alisoma kila kitu, hata maandishi ya nyuma ya pakiti za unga. Alianza kwa furaha, akitoa kimoja kimoja. Kisha mikono ikapunguza mwendo. Akayarudia majalada, akayasoma tena.

“Mama, hivi vyote ni vya kujisomea.”

“Umekua sasa,” Lorna akamjibu.

“Mpaka darasa la nane?”

Curtis aligeukia dirishani.

“Kwani wewe utakuwa wapi?”

Lorna alikuwa amepanga kumwambia baada ya kiangazi, kwa maneno aliyokwisha kuyachagua. Sasa akateremka kitini polepole, akaketi sakafuni kati ya maboksi, akamwambia palepale, kwa maneno machache ya kawaida. Annika hakulia mbele yetu. Alivirudisha vitabu vyote ndani, akafunga maboksi, akayasukuma chini ya meza kwa mguu.

“Nataka cha kusomewa, kama siku zote,” alisema.

“Hatutakimaliza, mpenzi.”

“Najua.”

Nikarudi ukumbini kukichukua kile cha historia ambacho Lorna alikirudisha mezani. Walikianza siku iliyofuata, bila kungoja muhula. Lorna alisoma kiangazi chote kwenye lile kochi. Sauti ilipoanza kumwisha, Annika akawa anasoma yeye, na mama ndiye anayemkatiza. Mwezi wa kumi, majani yakiwa yote chini, Lorna alifariki. Walikuwa wamefika karibu na katikati.

Baada ya mazishi Curtis aliyatoa maboksi, akamwekea mtoto kompyuta mezani kama Lorna alivyotaka. Alfajiri alitoka na lori, mimi nikifika saa mbili kuwasha jiko. Nilimkuta Annika amekaa mbele ya mwalimu wa video anayetabasamu, kalamu haijaguswa. Tulivumilia mpaka theluji ikaanguka. Jumapili moja wakati wa chakula aliweka uma chini.

“Baba, nipeleke shule. Huku ndani kumenyamaza mno.”

Curtis alinifuata barazani baadaye, macho mekundu. “Shemeji, Lorna alinituma kitu kimoja tu, na kimenishinda.”

Nilimwambia kwamba Lorna alimchagulia mtoto asiyemjua bado, mtoto asiye na mama, na sasa huyo mtoto ndiye amesema. Sijui kama alinielewa. Jumatatu alimpeleka.

Shule ya mjini ilituambia yuko mbele sana katika historia, nyuma kidogo katika desimali, na kwamba darasani huwakatiza walimu. Curtis aliposikia hilo la mwisho alicheka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kisha ikabidi atoke nje akasimame kwenye baridi mpaka aweze kurudi ndani.